Kwa nini Linux ililiweka kando toleo kongwe la NFS?

Mtaa wa Wadi Kabir mjini Muscat, Oman, unajulikana kwa karakana na biashara ya magari yaliyokwisha tumika. Mathalan, karakana mojawapo iwe na kompyuta ya zamani inayosoma orodha ya vipuri kutoka kwenye seva ya ofisi. Seva hiyo inawekewa toleo jipya la Linux, na kesho yake kompyuta ile haioni faili hata moja.

Huenda hakuna kilichoharibika, bali mashine hizo mbili hazina tena lugha ya pamoja.

Lugha yenyewe ni NFS, utaratibu wa kutumia mafaili kupitia mtandao uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980. Maelezo ya toleo lake la pili yalichapishwa mwaka 1989, ya toleo la tatu mwaka 1995 na ya toleo la nne mwaka 2000. Toleo la pili lina upungufu mkubwa: haliwezi kushughulikia ipasavyo mafaili makubwa ya siku hizi.

Msingi uliokuwa kinyume

Anayeunda Linux kutokana na maandishi yake ya asili huchagua sehemu za kuingiza na za kuacha. Kwa miaka mingi, aliyechagua seva ya NFS alipata toleo la pili bila kuulizwa, ilhali toleo la tatu, lililo bora zaidi, lilikuwa la hiari.

Hiari nazo zina gharama. Vifungu 3 vya ndiyo au hapana huzaa michanganyiko 8. Vifungu 10 huzaa 1,024, na kila mchanganyiko unaweza kuficha kasoro yake.

Hata hivyo, toleo kongwe halikuweza kung'olewa ghafla, kwani ndilo lililokuwa msingi. Hivyo kazi ilifanywa kwa hatua mbili.

Katika Linux 5.18, iliyotolewa Mei 2022, msimamizi wa seva hiyo, Chuck Lever, alikiondoa kifungu cha toleo la tatu, nalo likawa linaingia daima. Katika Linux 6.2, ya Februari 2023, toleo la pili ndilo lililogeuzwa kuwa la hiari, na jibu lililowekwa tangu mwanzo ni hapana.

La kufanya

Wenye mashine zinazoweza kutumia toleo la tatu au la nne hawana sababu ya hofu. Walio na mashine kongwe wanapaswa kuchunguza kabla ya kubadilisha seva: faili liitwalo /proc/fs/nfsd/versions huonyesha matoleo ambayo seva inayakubali.

Anayejiundia Linux 6.2 anaweza kulirejesha toleo la pili kwa hiari yake. Lakini huko ni kununua muda tu. Kwa mwenye karakana, lililo salama ni kuzihamisha orodha zake mapema, kabla ya kompyuta ile kukosa wa kuzungumza naye.