Bendera ni ya taifa, au ya wenye kofia na fulana?

UKITAKA kujua kama msimu wa uchaguzi umeingia Bongo, huna haja ya kufungua redio. Wewe simama tu kituo cha daladala uangalie watu wamevaa nini. Fulana za kijani na njano zinaota kama uyoga, kofia ndiyo usiseme, na khanga za chama zinageuka nguo za kutokea hata kwa mama ambaye mwaka mzima alikuwa hataki kusikia habari za siasa. Cha bure hicho, nani akatae?

Hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Shabiki wa Yanga akivaa jezi yake siku ya mechi anaamkiwa "shikamoo mwenyekiti", wakati maskini ya Mungu hata kadi ya chama hajawahi kuishika. Mwenye fulana ya zambarau akipita kijiweni, lazima atupiwe dongo: "Naona umeshahamia kwa ACT." Yaani Bongo rangi siyo rangi tu, ni kitambulisho.

Sasa swali langu la wiki hii, msomaji, ni hili: katika rangi zote hizo, ile bendera ya taifa ni ya nani hasa? Na kwa nini mtu akiipeperusha siku ambayo Taifa Stars haichezi, watu wanaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni?

Tuanzie darasani. Kila aliyepita shule ya msingi amekaririshwa: kijani ni ardhi na mimea, bluu ni bahari na maziwa, nyeusi ni watu, njano ni madini. Safi. Ambacho wengi hatukuambiwa ni kwamba rangi hizo zilikuwa na wenyewe kabla hazijawa za taifa. TANU ilikuwa na bendera yake ya kijani na nyeusi. Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, Tanganyika ikachukua rangi hizo hizo, ikaongeza michirizi ya dhahabu, kazi ikaisha. Usiku huo Luteni Alexander Nyirenda akaisimika juu ya Mlima Kilimanjaro pamoja na mwenge.

Visiwani nako, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, bendera nyekundu ya enzi za Sultani iliondoka, na haukupita muda ikapanda ya bluu, nyeusi na kijani, rangi za ASP. Muungano ulipofungwa Aprili 26 mwaka huo, wakubwa wakakaa, wakachanganya ya huku na ya kule, wakapitisha mstari mweusi kwa mshazari, na ndiyo hii tuliyonayo mpaka leo.

Kwa hiyo bendera yetu ni mtoto wa vyama viwili. Vyama hivyo navyo vikaungana Februari 5, 1977 na kuzaa CCM, yenye kijani na njano. Kwa maneno mengine, bendera ya taifa na chama tawala ni ndugu wa damu.

Wala siyo sisi peke yetu. Kenya walichukua nyeusi, nyekundu na kijani za KANU, wakaongeza nyeupe na ngao na mikuki. Uganda ndiyo kasheshe: bendera ilikuwa imeshabuniwa chini ya serikali ya DP, lakini UPC wakashinda uchaguzi wa Aprili 1962 na kuikataa, wakaleta nyingine, ndiyo iliyopanda Oktoba 9 siku ya uhuru. Pale Zaire, Mobutu alimaliza kabisa. Mwaka 1971 aliweka bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge, nembo ile ile ya chama chake cha MPR, na kila Mzaire akahesabiwa mwanachama tangu anazaliwa! Hukuulizwa, hukulipa ada, umezaliwa tu umeshakuwa mwanachama. Mwaka 1997 Mobutu akakimbia, na bendera yake ikamfuata.

Mimi sioni ubaya bendera kuzaliwa na chama. Enzi hizo chama ndicho kilichokuwa kinapambana na mkoloni, ulitaka rangi zitoke wapi? Tatizo linakuja mtoto anapokua halafu mzazi hataki kumwachia.

Kuanzia mwaka 1965 mpaka Julai 1992 chama kilikuwa kimoja kisheria, na ukisema chama umesema serikali. Wazee wetu wanakumbuka: ukitaka barua ya utambulisho unatafuta nyumba ya balozi wa nyumba kumi, na utaijua kwa bendera ya chama inayopepea juu ya paa. Vyama vingi vikarudi kwenye karatasi, lakini vichwani kazi haijaisha. Mimi yamenikuta. Nilikwenda ofisi moja ya mtaa, siitaji, nikitaka barua ya kupeleka benki. Nilikuwa nimevaa fulana ya bluu ya mtumba, imeandikwa jina la timu ya kikapu ya Marekani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyinyi ndio mnaotusumbua na maandamano yenu. Nenda kwa wenzako wakakuandikie."

Nilidhani utani. Kumbe mzee yuko siriasi, anasoma gazeti lake, hana habari na mimi. Na nyuma ya kiti chake imesimama bendera ya taifa, mpya, imepigwa pasi. Kesho yake nikarudi na shati jeupe, barua nikaipata ndani ya dakika tano. Ile barua siyo ya chama chochote, ni haki yangu mimi niliyezaliwa hapa. Sasa mwenzangu ambaye hana shati la pili afanyeje? Akose akaunti, akose mkopo, akose kazi, kwa ajili ya rangi ya mtumba?

Ndiyo maana nachoka nikisikia mtu anaitwa "si mzalendo". Neno hili zamani lilikuwa na maana ya kawaida tu: mzaliwa wa mahali. Leo kila mtu analivuta kwake. Gazeti la chama tawala la Jumapili linaitwa Mzalendo. Upinzani nao wana ACT-Wazalendo. Ukivuka mpaka kuingia mashariki ya Kongo, Wazalendo ni vikundi vya watu wenye bunduki wanaopigana na M23 upande wa jeshi la serikali. Neno moja, gazeti, chama na bunduki! Basi mtu akikuambia wewe siyo mzalendo, muulize kwanza anazungumzia lipi.

Hapa kwetu ukiuliza kwa nini zahanati haina dawa, unaambiwa huipendi nchi. Jamani! Anayeipenda nyumba ndiye anayesema paa linavuja. Mpangaji anayehama kesho hana shida na paa.

Viongozi nao wakizidisha, wanaanza kudhani bendera ni ukuta wa sebuleni kwao, wanaweza kupaka rangi wanayotaka. Malawi mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika alibadili bendera ya 1964. Ile ya zamani ilikuwa na jua jekundu linalochomoza. Yeye akaweka jua zima jeupe, eti nchi imeshapambazukiwa. Watu wanapanga foleni ya mafuta, wanaambiwa jua limewaka! Wengi hawakuipenda. Bingu alifariki dunia Aprili 2012, na Mei 28 mwaka huo huo Bunge likairudisha ya zamani. Ile mpya haikutimiza hata miaka miwili.

Lakini bendera hiyo hiyo inaweza kugeuka. Aprili 2016 mchungaji mmoja wa Zimbabwe, Evan Mawarire, alijizungushia bendera ya nchi yake shingoni, akajirekodi video akieleza rangi moja baada ya nyingine zimemfaa nini raia wa kawaida. Hakutukana mtu. Video ikasambaa, watu wakaanza kutoka na bendera mabegani, na Julai akakamatwa. Septemba serikali ikatoa onyo kwamba kuuza na kutumia bendera bila kibali ni kosa. Hebu fikiria, serikali inaogopa bendera yake yenyewe!

Juni 2024 tukayaona jirani. Vijana wa Kenya, Gen Z, waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na wengi mikononi hawakubeba bendera ya chama wala picha ya mgombea. Walibeba bendera ya Kenya. Wanasiasa walizoea kuuliza "nani yuko nyuma yenu?", safari hii wakakosa chama cha kumnyooshea kidole. Juni 25 watu waliingia mpaka bungeni, risasi zikalia, na katika maandamano ya kipindi hicho makumi ya watu walipoteza maisha. Kesho yake Rais Ruto akasema hasaini. Waliokufa hawakurudi, na siandiki haya ili mtu akimbilie barabarani. Nasema tu kwamba bendera iliyozaliwa na rangi za KANU mwaka 1963 ilikutwa mabegani mwa watoto ambao KANU wanaisoma kwenye kitabu cha historia. Huyo mtoto ameshahama kwa mzazi.

Kwetu huwa tunaionja hali hiyo uwanjani tu. Agosti 2025, wakati wa CHAN, Uwanja wa Mkapa ulijaa bendera. Simba na Yanga walikaa pamoja bila kutukanana, na hata Morocco walipotutoa kwa bao 1-0 kwenye robo fainali, tulinuna wote. Hakuna aliyemuuliza jirani yake kadi. Tatizo ni kwamba filimbi ya mwisho ikilia, kila mtu anarudi na rangi zake.

Waswahili husema bendera hufuata upepo, na mitaani tumelifanya tusi la wanasiasa wanaohama vyama, kama wale walioondoka upinzani baada ya uchaguzi wa 2015 wakidai wanaunga mkono juhudi. Lakini bendera yenyewe mnaionea bure. Kufuata upepo ni kazi yake. Mlingoti ndio haupaswi kuhama, na mlingoti ni sisi: mwenye mtumba wa bluu, mwenye jezi ya njano, na mama mwenye khanga ya bure.

Mimi wiki hii naenda Kariakoo kununua yangu ndogo, ya taifa, niitundike ukutani chumbani. Siyo siku ya mechi wala sikukuu. Nataka nimsikie mgeni wa kwanza atakayeniuliza ni ya chama gani.