Mipira ya Gari: Ranflati au Tyubulesi kwa Barabara Zetu?

Safari hii tuache kidogo habari za minerval na bei ya unga, tuzungumze juu ya mipira ya motoka. Vikundi vyetu vingi vya akiba, vya AVEC na vya likirimba, vimefika hatua ya kujichanga ili kununua gari: la kuleta mboga na makala kutoka Mudaka na Walungu, la kupeleka watoto masomoni, na usiku, mama akishikwa na uchungu, la kumfikisha hospitali. Wauzaji wa gari za okazioni zinazotoka Ulaya wamepata neno jipya la kutushawishi: mipira ya gari hili haifi, hata ikitobolewa na msumari unaendelea na safari. Kwa ajili ya neno hilo wanapandisha bei. Tumeulizwa mara nyingi kama ni kweli. Ni kweli, ila kwa barabara za kule yalikotengenezwa magari hayo.

Tuanze na mpira tunaoujua. Tyubulesi ni ule usio na mpira mwingine ndani. Hewa inakaa kati ya mpira wenyewe na janti, na kinachoizuia isitoke ni ukingo wa mpira unaobana janti. Ukikanyaga msumari, mara nyingi msumari unabaki palepale na kuziba tundu lake, hewa inatoka pole pole, na shofere anapata muda wa kufika kwa kwado. Ule wa zamani wenye mpira wa ndani unaishiwa hewa ghafula, na hapo ndipo gari linaweza kuyumba na watu.

Ranflati kwa nje unafanana na tyubulesi, na kwa kweli nao hauna mpira wa ndani. Tofauti iko ubavuni. Mbavu zake zimeongezwa unene na ugumu, kiasi kwamba hewa ikiisha zinasimama zenyewe na kubeba gari. Watengenezaji wengi wanaahidi km 80 hivi bila hewa, kwa mwendo usiopita km 80 kwa saa. Utautambua kwa herufi zilizoandikwa ubavuni: ZP kwa Michelin, SSR kwa Continental, ROF kwa Goodyear, RFT kwa Bridgestone. BMW na Mini ndizo zinazokuja nao sana. (Sisi tunaofundisha historia hatuwezi kusema habari ya mipira bila kukumbuka kwamba baada ya Dunlop kutengeneza mpira wa hewa wa baiskeli mwaka 1888, utomvu wa mpira wa misitu ya Kongo ulikamuliwa kwa kiboko chini ya Leopold II ili magurudumu ya Ulaya yazunguke. Leo tunanunua mipira hiyo kwa dola.)

Kilomita 80 ni nyingi. Kutoka Place de l'Indépendance zinakupitisha Kavumu na uwanja wake wa ndege, na bado zinabaki. Lakini tusome masharti. Hesabu hiyo ni ya lami nzuri na gari lisilozidishiwa mzigo. Penye mashimo, na magunia yakiwa juu, mbavu zile zinachemka na kukatika mapema zaidi. Tena gari lazima liwe na kifaa cha kupima hewa, kinachowasha taa mbele ya shofere. Bila taa hiyo shofere hana la kumwonya, maana mpira usio na hewa unaonekana umesimama kama kawaida, naye anaendelea na mwendo wake. Vipimo hivyo vina betri ndogo ndani ya gurudumu, zinazodumu miaka 5 hadi 10 hivi. Gari la okazioni linalotufikia likiwa na miaka 12, betri hizo mara nyingi zimekufa zamani. Taa imewaka tangu siku ya kwanza, na wote wameizoea.

Sasa tutazame kinachoua mipira kwetu. Misumari ipo, lakini haiko peke yake. Kuna shimo ulilodhani ni dimbwi la maji ya mvua, kuna jiwe lenye makali lililoteremshwa na mvua, kuna ukingo wa lami iliyokatika. Anayepanda Kadutu au kushuka Panzi wakati wa mvua hana haja ya kuelezwa. Na Ngomo, kwenye barabara ya taifa namba 5 ya kwenda Kamanyola na Uvira, ni mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Ndiyo sababu wasafiri wengi huvuka Ruzizi, wakafuata lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha wakarudi nchini Kamanyola, pamoja na taabu yote ya karatasi za mpaka.

Mapigo ya barabara kama hizo yanapasua ubavu au kupinda janti. Mpira wa kawaida, kwa kuwa ubavu wake ni laini, unajikunja na kumeza sehemu ya pigo. Ranflati, kwa ugumu wake, unalipeleka kwenye janti na kwenye vyuma vya chini ya gari. Janti ya aluminiamu inapasuka. Janti ya chuma inapinda, kwado anaigonga nyundo, na safari inaendelea. Abiria nao wanalipa: mjamzito anayepelekwa kujifungua anahisi kila jiwe.

Halafu fikirini habari ya kwado mwenyewe. Yuko karibu kila kona, ana kompresa yake, beseni la maji ya sabuni, meshi na gundi. Kwa faranga chache anaziba tundu la tyubulesi mkiwa mmekaa hapohapo. Ranflati uliotembea bila hewa hana la kuufanyia. Ndani umesagika hata kama nje unaonekana mzima, na watengenezaji wengi wanaagiza usizibwe tena. Kuufunga kwenye janti kunataka mashine ya garaji kubwa, vyuma viwili na nguvu za miguu havitoshi. Mpya wake ni wa bei ya juu kuliko wa kawaida, na mara nyingi itawabidi muuagize mbali na kungoja, gari likiwa limelala. Na wakati huo wote hakuna gurudumu la akiba, kwa sababu gari lililotengenezwa kwa ranflati mara nyingi halikuachiwa hata mahali pa kuliweka.

Kuna neno moja la kutetea ranflati ambalo hatutaki kulipita haraka, kwa sababu linatuhusu sisi wamama kuliko watu wengine. Wafanyabiashara wetu wa njia ndefu hawaogopi sana bei ya mpira. Wanaogopa kusimama. Kusimama jioni mahali pasipo nyumba, na bidhaa za watu kumi ndani ya gari, na wasichana wawili waliokuja kusaidia kupakua, ni jambo ambalo katika jimbo letu kila mtu anajua linaweza kuishaje. Mpira unaokuvusha hapo hata bila hewa una thamani isiyohesabiwa kwa dola. Anayetembea mjini na lami ya Kavumu tu, mwenye gari dogo, vipimo vinavyofanya kazi, na mtu wa kumletea mpira mwingine, tusimcheke akichagua ranflati.

Lakini gari la kikundi haliishi hivyo. Ranflati unakuvusha mara moja, na kesho yake umekwama bila mpira. Kwa njia zetu tunaona ulinzi zaidi katika tyubulesi wa kawaida wenye mbavu imara, magurudumu mawili ya akiba kwa safari za mbali, pampu ndogo inayotumia betri ya gari, na kuondoka alfajiri. Kama ni msumari, pampu inaongeza hewa na mnafika penye watu kabla ya kubadili. Kama ubavu umepasuka, shofere aliyezoea anabadili gurudumu kwa robo saa. Mazoezi hayo yafanyike uani, akiangaliwa, kabla ya kupewa funguo.

Kwa kununua, tazameni kwanza herufi C baada ya kipimo, kama katika 195R15C ya minibasi nyingi za Hiace, pamoja na alama 8PR. Hiyo ni mipira ya kubeba mzigo. Mipira ya taksi ndogo haifai hata kama muuzaji anaapa. Kisha tafuteni neno DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa okazioni wenye miaka zaidi ya 10 tusiuchukue, hata ukiwa unang'aa, maana kuna dawa ya kuung'arisha. Mpira uliovimba au kukatwa ubavuni pia tuuache. Meshi inaziba sehemu inayokanyaga chini tu. Kwado akitaka kuutia mpira wa ndani kwa sababu janti imepinda, kubalini ili mfike nyumbani, pole pole, kisha janti itengenezwe. Mpira wa ndani ukisuguana na tyubulesi unachemka.

Jambo linalovunja vikundi kuliko mashimo ni kutojua nani analipa mpira. Shofere anasema ni wa mwenye gari, kikundi kinasema aliendesha vibaya. Andikeni katika daftari kabla ya safari ya kwanza: mpira uliochakaa kwa kazi unalipwa na sanduku, na kila safari inaweka kiasi kidogo pembeni kwa ajili yake. Uliopasuka kwa sababu ya mzigo uliopita kipimo unalipwa na aliyeruhusu mzigo huo kupakiwa, awe shofere au mwenyekiti.

Na siku ya kulipia gari, fungueni nyuma mbele ya muuzaji. Hesabuni gurudumu la akiba, kriki, na ufunguo wa nati, kwa maana gari nyingi zinafika hapa navyo vimekwisha kuuzwa njiani.