Tangawizi na Asali kwa Maumivu ya Koo: Msaada Wake na Mipaka Yake

Katika kata ya Maore, wilayani Same, tangawizi haitafutwi mbali, kwani wakulima wa Mamba Miamba, katika milima ya Upare, huilima kwa biashara. Koo linapouma, tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa, ikatiwa asali, huwa miongoni mwa tiba za kwanza nyumbani.

Sayansi haiipuuzi tiba hiyo. Tangawizi ina viambato viitwavyo jinjeroli na shogaoli, ambavyo katika maabara hupunguza uvimbe na kudhoofisha baadhi ya bakteria. Hata hivyo, matokeo ya maabara hayathibitishi kwamba kikombe cha chai kitaua vimelea kooni. Asali nayo hulainisha koo. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa huweza kupunguza kikohozi cha watoto. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hata ya kupumua.

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, nayo huisha yenyewe kwa takriban wiki moja. Hapa ndipo penye hatari: dawa iliyotuliza tu husifiwa kuwa imeponya, kisha hutegemewa hata pale chanzo kinapokuwa bakteria aina ya streptokokasi. Bakteria hao wasipotibiwa, mtoto anaweza kupata homa ya baridi yabisi wiki mbili au tatu baadaye, na vali za moyo wake zikaharibika maisha yote. Penisilini, ikitumiwa kwa dozi kamili, huzuia madhara hayo. Tangawizi haijathibitishwa kuyazuia. Kukata kimeo nako hakutibu koo, bali huleta hatari ya kutoka damu na maambukizi.

Mtoto mwenye homa kali, usaha kwenye mafindofindo na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi, apelekwe kituo cha afya. Anayeshindwa kumeza, anayetokwa udenda au anayepumua kwa shida apelekwe mara moja.

Mhudumu naye aulize kwa heshima ni dawa gani ya asili iliyotumika. Mgonjwa asiyeogopa kukemewa husema kweli, na huja mapema.