Gari likitoa moshi wa buluu, usikimbilie kununua tabo

Clairwood, kusini mwa Durban, ulikuwa mtaa wa familia za Kihindi. Siku hizi malori ya bandarini yamejaa kila njia, na yadi na magereji hayahesabiki. Huko ndiko mpwa wangu alikopeleka gari lake la dizeli lililokuwa likitoa moshi wa buluu. Fundi akatazama bomba tu, akasema, "Tabo imekufa."

Kijana akanipigia simu hapa Maskati. "Mjomba, nisaidie pesa ya tabo."

Nikamwambia, "Subiri, mwanangu. Mwalimu hasahihishi mtihani kwa kutazama jalada."

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani ya silinda. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake huelea juu ya oili. Ikikosa oili safi, haina maisha.

Basi kwanza tazama rangi. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa chache: chujio limeziba, paipu ya hewa imepasuka, au nozeli ni mbovu. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, nao una harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua; tazama gasketi. Wa buluu ni oili.

Lakini oili hiyo inatoka wapi? Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa. Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili. Upepo ukitoka kwa kishindo, huenda ringi za pistoni zimekwisha, na tabo mpya haitasaidia kitu. Kisha zima injini, ngoja ipoe, vua paipu ya hewa, ushike mhimili wa tabo. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida. Ukiingia na kutoka, au mapanga yakikwaruza nyumba yake, hapo tabo ni mbovu kweli.

Mpwa wangu alitafuta fundi wa pili. Mhimili ulikuwa mzima. Paipu ya kupumulia injini ndiyo iliyoziba kwa uchafu; presha ikazuia oili ya tabo kurudi chini, ikapenya kwenye sili. Ikasafishwa, oili na filta zikabadilishwa, moshi ukakatika.

Ila msipuuze. Oili nyingi ikiingia njia ya hewa, injini ya dizeli huweza kuila kama mafuta, ikapanda mbio yenyewe, isizimike hata ukichomoa ufunguo. Moshi wa buluu ukiwa mzito, usiliendeshe; livutwe.

Nanyi mnaotuma pesa za gari nyumbani, Mombasa au Unguja, kabla ya kutuma muulizeni fundi swali moja: "Umefungua ukaona, au umetazama moshi tu?" Na dereva akitoka safari ya mbio au mlima, aiache injini iungurume dakika moja kabla hajaizima, tabo ipoe kwa oili yake.