Kasubi na Wazo la Mji Bora Uliopangwa

Wazo la mji bora uliopangwa halikuletwa Kampala na mpango wa Ernst May wa mwaka 1947. Kibuga, makao makuu ya Kabaka wa Buganda, kilikuwa tayari na mpangilio wake: kasri kilimani, uzio wa matete, barabara pana zilizoelekea majimboni, na viwanja vya machifu upande wa majimbo yao.

Huko Kasubi, alikojenga Muteesa I mwaka 1882 na kuzikwa mwaka 1884, mabaki ya mpangilio huo yangalipo: lango la Bujjabukula, ua, na mashamba yaliyo sehemu kubwa ya takriban hekta 27. Moto wa mwaka 2010 ulielekeza macho kwenye jumba kuu. Hata hivyo, sera inayolinda jumba pekee na kuyaacha mashamba yamezwe na majengo itahifadhi kaburi na kuupoteza mji.