Mtoto wa Nani? Lugha na Ukoo katika Riwaya za Watoto wa Kisangani

Mtoto wa miaka kumi anayetumwa sokoni Kisangani hukutana na swali moja njia nzima. Mzee wa mtaani atamuuliza kwa Kiswahili cha pale, "Uko mutoto ya nani?" Askari, au abiria aliyeshuka kwenye boti ya Kinshasa, atamuuliza kwa Kilingala, "Ozali mwana ya nani?" Jibu ni lile lile, jina la baba au la mama. Lakini mtoto ameshahisi kwamba wa kwanza pengine ana salamu za kutuma nyumbani, na wa pili huenda anatafuta kosa.

Riwaya za wasomaji wa miaka 8 hadi 12 zinaishi ndani ya swali hilo. Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliliweka swali la "mimi ni nani" kwenye ujana. Mtoto mdogo zaidi, kwa maelezo yake, anahangaika na kuweza: kupiga kasia, kusoma, kutumwa akarudi na chenji kamili. Kwa hiyo mhusika wa umri huu hakai akajitafakari. Wakubwa ndio wanaomtambulisha, na anajifunza yeye ni nani kwa kusikia anavyoitwa.

Kisangani imepata lugha zake kwa sababu ya maji. Boti zinazopanda mto Kongo kutoka Kinshasa, safari ya kilomita 1,700 hivi, haziwezi kuendelea: mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma, ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906. Kilingala kilipanda na boti na jeshi la kikoloni. Kiswahili kilishuka kutoka Nyangwe na Kasongo na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, jina la zamani la maporomoko hayo. Lugha zote mbili ni lugha za taifa kwa Katiba ya Kongo ya 2006. Juu yake kipo Kifaransa cha darasani, na chini yake Kilokele, Kienya, Kikumu na Kimbole za nyumbani kwa bibi.

Hapo kwa bibi ndipo mwandishi angechota zaidi. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha 1949 jinsi Walokele walivyoongea kwa ngoma ya gogo lililochimbwa tundu, lenye sauti mbili, nzito na nyembamba, zikifuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yenyewe. Jina la mtu kwenye ngoma lilikuwa refu: sehemu yake mwenyewe, kisha ya baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Huwezi kumwita mtoto kwa ngoma bila kuwataja waliomzaa. Sijui silaha bora kuliko hiyo kwa mtunzi wa hadithi za watoto: mtoto aliyepotea msituni anasikia anaitwa, na anapoitwa, ukoo mzima unaitwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kuiweka lugha katikati ya kisa cha watoto. Katika hadithi zake za Njamba Nene, alizoanza kuzichapisha kwa Kikuyu mwaka 1982, mvulana maskini anayechekwa shuleni ndiye anayewaokoa wenzake, kwa kuwa anaijua lugha yake na ardhi yake. Hadithi nzuri, yenye hasira ya haki. Ila mwandishi wa Kisangani akiiga mpango huo atakwama. Kwa Ngũgĩ pande ni mbili, na unajua ipi ya nyumbani. Mtoto wa mtaa wa Mangobo, ambaye baba yake ni Mlokele na mama yake Mkumu, wakaoana kwa Kiswahili na sasa wanagombana kwa Kilingala, lugha yake ya nyumbani ni ipi?

Mimi nasema zote, na kubadili lugha ni tendo la kisa kama kukimbia au kuiba. Tuchukue msichana anayevuka mto kutoka Lubunga kwa mtumbwi, na beseni la sombe, yaani kisamvu. Kwa mpiga kasia anaongea Kilokele ili apunguziwe nauli. Sokoni anamwita mteja "mama" kwa Kiswahili. Anapodaiwa pesa na mtu mwenye sare, anajibu kwa Kifaransa cha darasani, "Je suis élève", kwa sababu mwanafunzi hutendewa tofauti na mchuuzi. Hajadanganya popote. Msomaji wa miaka tisa ataelewa papo hapo, maana naye hufanya hivyo. Ukiwaandikia wote Kifaransa kimoja safi, au Kiswahili Sanifu kimoja, umeufuta ujanja wake wote.

Simulizi inaweza kuwa kwa Sanifu, ili kitabu kisomeke hadi Mombasa. Mazungumzo yabaki na "mutoto" na "batu" bila aibu. Na ile faharasa ya maneno mwishoni, ambayo wahariri wa mbali huipenda, iachwe. Mtoto wa Mangobo haihitaji, na wa Tanga atajua toleka ni baiskeli ya abiria pale tu msichana atakapopanda nyuma na kumwambia dereva akanyage.