Fahamu: Diptoti ni nini, na kwa nini "Makka" haipati kasra?

Katika baadhi ya lugha, mwisho wa nomino hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Hali hiyo huitwa uhusika. Nomino isiyopata maumbo yote hupewa jina kwa idadi ya maumbo iliyonayo: monoptoti (moja), diptoti (mawili), triptoti (matatu). Aptoti haibadiliki kabisa. Asili ni neno la Kigiriki "ptosis", yaani kuanguka.

Kilatini

Nomino ya kawaida ina uhusika 6. Lakini "sponte" (kwa hiari) kwa kawaida hutumika katika umbo hilo moja, na "fors" (bahati) ina jingine moja tu, "forte".

Kiarabu

Waliopita madrasa wanaijua diptoti kama mamnuu min as-sarf. Nomino ya kawaida ina dhuma (u), fatha (a) na kasra (i): kitabun, kitaban, kitabin. Majina ya diptoti kama Ibrahim, Ahmad, Maryam na Makka hayapokei tanwini ("n" ya mwisho), na fatha hushika nafasi ya kasra. Ndiyo maana husemwa "min Makkata", si "min Makkati".

Hapa wanafunzi wengi huteleza: neno likipata "al-", kasra hurudi. "Fi masajida", lakini "fi al-masajidi".

Tofauti yake na Kilatini ni kwamba diptoti ya Kiarabu haikosi uhusika wowote. Inazo kazi zote 3, ila mbili zinagawana umbo moja.

Na Kiswahili?

"Mtoto" hubaki "mtoto", awe mtenda au mtendwa.